Nissan X-Trail ya 2002: kila shokapu ninayoletewa haikai sawa

Swali: Shikamoo fundi. Nina Nissan X-Trail ya mwaka 2002, imeshatembea zaidi ya kilomita 210,000. Shokapu zote mbili za mbele zimevuja, nikishika breki pua inazama, na kwenye matuta kunagonga. Muuzaji wa kwanza aliniletea jozi ambayo matundu ya bolti hayakulingana kabisa. Wa pili akaleta nyingine, zikafungika, lakini gari limenyanyuka upande wa kushoto, usukani haurudi vizuri nikitoka kwenye kona, na nikiukata gari likiwa limesimama nasikia mlio kama wa uzi wa gitaa. Tukazifungua, tukarudisha zile mbovu. Sasa fundi wangu anasema spea za gari hili zimeadimika, kwa hiyo tujaze oili zile za zamani au tutafute za mtumba. Nifanye lipi? Na je, naweza kuendelea kuliendesha wakati natafuta?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na habari njema: shokapu za gari lako hazijaadimika. X-Trail ya kizazi cha kwanza, ile mafundi wanayoiita T30, ilitengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007 na kuuzwa nchi nyingi sana, na watengenezaji wakubwa wa shokapu bado wanaitolea. Kilichokukwamisha ni kwamba mpaka sasa umekuwa ukitafuta kwa jina la gari na mwaka. Kwa spea hii, jina na mwaka havitoshi.

Wengi wetu tunaita kila kitu shokapu, au shokamzoba kwa wale wa zamani kidogo. Lakini kuna shokapu ya kawaida na kuna strati. Shokapu ya kawaida ina kazi moja tu, kutuliza mdundo wa springi. Imefungwa juu na chini kwa bushi, na ukiichomoa gari bado linasimama kwa miguu yake. Strati ni kitu kingine. Ndani yake imo shokapu, lakini nje imebeba springi, kwa chini imeshikwa na bolti mbili nene kwenye nako, ile chuma inayobeba habu ya tairi, na kwa juu imeshika bodi. Hakuna wishiboni ya juu, yaani mkono wa chuma unaoshika tairi kwa juu. Strati yenyewe ndiyo wishiboni ya juu. Ukikata usukani, strati nzima inazunguka pamoja na tairi. Mpangilio huu unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson aliyeubuni miaka ya 1940, na X-Trail yako inautumia mbele, na hata nyuma imekalia strati.

Unaona basi kwa nini jozi ya kwanza ilikataa na ya pili ikafunga lakini ikaharibu tabia ya gari. Strati ni mfupa wa gari. Kitako cha springi kikiwa juu kwa sentimita moja, gari linasimama juu. Pembe ya vile vibao viwili vya bolti ikitofautiana kidogo, tairi linasimama limelala. Kwa gari lenye ekseli nzima na shokapu za kawaida mtu anaweza kupima urefu na saizi ya bushi, akafunga ya gari jingine, na maisha yakaendelea. Kwenye strati usithubutu.

Sasa tutafute inavyopaswa. Fungua boneti, angalia ile sahani ndogo ya chuma na namba iliyogongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Kama gari lako lilitengenezwa kwa soko la Japani, namba ya chesi itakuwa fupi: NT30, kisha kistari, kisha tarakimu sita. NT30 ni ile ya kuvuta magurudumu manne. T30 peke yake ni ile ya kuvuta mbele tu. PNT30 ni ile yenye injini ya turbo ya SR20VET. Kama lilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, utakuta namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na JN1, na ndani yake utaiona T30 imejificha katikati. Jambo hili linawakwamisha watu wengi: katalogi nyingi za mtandaoni zinataka namba yenye nafasi 17, mtu akiingiza ile fupi zinamwambia haipo, basi anachagua gari kwa kukisia. Usikisie. Katalogi ya soko la Japani inapokea ile fupi vizuri kabisa.

Namba ya chesi ndiyo inayokupa mwezi gari lilipotoka kiwandani, na hapo ndipo siri ilipo. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari mara nyingi ni wa kusajiliwa, wala si wa kuzaliwa. Gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 2002 huenda lilitoka kiwandani mwishoni mwa 2001. Watengenezaji hawangoji Januari ndipo wabadilishe spea. Wanabadilisha katikati ya mwaka, pale akiba ya kiwandani inapoisha. X-Trail hiyohiyo ilipata mabadiliko makubwa ya sura mwaka 2003, kwa hiyo mwenye gari la mwaka huo, asipojua mwezi, anaweza kununua spea mara mbili.

Ukishaingia kwenye katalogi kwa namba ya chesi, tafuta namba ya spea. Nissan wanaandika namba yenye nafasi kumi, tano halafu kistari halafu tano. Zile tano za mwanzo zinasema ni spea gani: 54302 ni strati ya mbele kulia, 54303 ni ya mbele kushoto. Kulia na kushoto hapa ni kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Nasisitiza kwa sababu kuna anayesimama mbele ya boneti akitazama gari, kisha anaagiza kinyume. Zile tano za mwisho ndizo zinazosema ni gari gani na toleo gani, na kwa T30 kwa kawaida utaziona zikianza na 8H. Mtu akikutajia strati ya X-Trail yenye 54302 lakini sehemu ya pili haifanani na ya katalogi, mwambie akuoneshe kwamba namba hiyo imechukua nafasi ya ile ya zamani. Hilo hutokea kihalali, kiwanda hufuta namba na kutoa mpya, na katalogi nzuri huonesha mnyororo huo. Asipoweza kuonesha, achana naye. Mwenye Toyota naye ana utaratibu wa namna hiyo: 48510 ni mbele kulia, 48520 ni mbele kushoto.

Ukishaipata namba ya kiwanda, ndiyo uitumie kutafutia za watengenezaji wengine. KYB, Monroe, Sachs, Bilstein na wenzao wana namba zao wenyewe, na kila mmoja ana orodha inayosema namba yake inasimama badala ya namba ipi ya kiwanda. Mnunuzi anayemwandikia muuzaji "naomba shokapu za mbele za X-Trail 2002" anapata chochote kilichopo stoo. Anayeandika "naomba inayochukua nafasi ya 54302-8H..., kulia, na mwenzake 54303, gari NT30, limetoka kiwandani mwezi fulani" anajibiwa kwa adabu tofauti kabisa. Nimeliona hilo mara nyingi.

Hapa niwakumbuke na wenye magari mengine ya zamani, kwa sababu shida hii si yako peke yako. Gari moja linaweza kuwa na majina mawili au matatu. Toyota Harrier ya kwanza ndiyo Lexus RX 300. Kluger ni Highlander. Escudo ni Vitara. Pajero kwingine inaitwa Montero, na Uingereza iliitwa Shogun. Spea ambayo "haipo" kwa jina moja huwa imejaa kwa jina la pili. Hata hivyo namba ya mwisho iamuliwe na chesi, kwa sababu gari lilelile likienda soko jingine huweza kupewa springi ngumu zaidi au injini nzito zaidi.

Baada ya namba, kipimo. Hapa ndipo mafundi wengi wazuri wanapopoteza siku nzima kwa kukosa dakika kumi. Strati mpya ikifika, usiiruhusu ifungwe kabla haijalala sakafuni sambamba na ile ya zamani. Laza kadibodi, weka zote mbili, vitako vya chini vikiwa usawa mmoja, kisha anza kutembeza jicho na futi kutoka chini kwenda juu. Matundu mawili ya bolti: umbali kati yake, katikati hadi katikati, na upana wa kila tundu. Angalia kama tundu la juu ni la duara au limerefushwa, maana lile lililorefushwa limewekwa hivyo ili fundi wa alaimenti, anayenyoosha pembe za matairi, apate nafasi ya kusogeza. Halafu upana wa ndani kati ya vibao viwili, pale nako inapoingia. Halafu kibao kidogo cha kushikia linki ya stebilaiza, ule mti wa chuma unaozuia gari lisilale kwenye kona: kiko juu kiasi gani, na kinatazama wapi. Halafu kitako cha springi, upana wake na ule mlima mdogo unaozuia ncha ya springi isizunguke. Mwisho rodi: unene wake, urefu wake ikiwa imetoka yote, na nyuzi za nati ya juu. Rodi ya strati ni nene, mara nyingi mm 20 au 22, wakati ya shokapu ya kawaida huwa karibu mm 12. Nene hivyo kwa sababu inabeba mzigo wa kusukumwa pembeni kila unapokata kona.

Na usisahau vile vibati vidogo vilivyochomelewa ubavuni. Kimoja kinashika mpira wa breki, kingine kinashika waya wa sensa ya ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasigande ukishika breki. Niliwahi kuletewa gari jingine la aina hii linalowaka taa ya ABS kila likikata kona kulia. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha sensa mbili. Nikalipandisha jeki, nikazungusha usukani hadi mwisho, nikaingiza mkono nyuma ya tairi. Strati iliyofungwa haikuwa na kile kibati cha waya. Aliyeifunga alikuwa ameushika waya kwa utepe wa plastiki, utepe ulikatika, na waya ulikuwa ukilamba ubavu wa tairi mpaka ganda likaisha na shaba ikabaki wazi inang'aa. Sentimita chache kando yake ulipita mpira wa breki. Nilikaa chini pale nikautazama kwa muda. Kibati chenyewe ni kipande cha bati kisichozidi kidole gumba.

Turudi kwenye ile jozi yako ya pili, kwa sababu dalili ulizoandika zinasema mengi. Ule mlio wa uzi wa gitaa gari likiwa limesimama na usukani unazungushwa ni springi inayojipinda kisha kuruka. Inajipinda kwa sababu beringi ya juu, ile inayoruhusu strati kuzunguka, imekwama au imefungwa kimakosa. Usukani kutorudi baada ya kona ni shida hiyohiyo: strati inataka kurudi, beringi inaikatalia. Nina hakika walikufungia strati mpya wakarudisha maunti, yaani kile kikalio cha juu kinachofunga strati kwenye bodi, na beringi za zamani zilizokaa miaka 20 zikila vumbi na maji. Kunyanyuka upande wa kushoto kuna sababu mbili ninazozishuku. Ya kwanza, ncha ya springi haikukaa kwenye kile kizuizi cha kitako, imepanda juu yake. Ya pili, springi zilibadilishana pande au kitako cha strati moja kilikuwa tofauti na mwenzake. Kama jozi hiyo bado unayo, ipime kama nilivyoeleza kabla hujairudisha. Huenda strati zenyewe ni sahihi na ufungaji ndio uliokosewa. Lakini namba zilizogongwa kwenye mwili wake zisipolingana na namba ya katalogi, rudisha, hata kama bolti zinaingia.

Kwa hiyo unaponunua, nunua na vinavyoambatana nayo. Maunti ya juu na beringi yake, mpira wa kugotea unaovaa rodi, buti la mpira linalokinga vumbi, na vile vikalio vya mpira vya springi juu na chini. Buti likichanika, mchanga unaganda kwenye rodi, rodi ikipanda na kushuka inausugua mchanga kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, na sili ikikatika oili inatoka. Mpira wa kugotea ukiwa umemeguka, shokapu mpya inapiga mwisho wa safari yake chuma kwa chuma. Kazi ya kufungua strati ni ileile ukibadilisha vitu hivi au usipobadilisha. Kuviacha vya zamani ili kupunguza gharama ni kununua kazi ya pili.

Nunua kwa jozi, kulia na kushoto pamoja, za chapa moja. Strati moja mpya na moja iliyochoka zinafanya gari lishike breki kwa kuvuta upande.

Zipo pia strati zinazokuja zimeshafungwa kila kitu, na springi, maunti na beringi, unaingiza tu. Zina faida ya kweli: hakuna kubana springi, na kila mpira ni mpya. Ninazikubali pale springi za zamani zimelala au zimekatika ncha, jambo la kawaida kwa gari la umri huu. Tahadhari yangu ni moja. Baadhi ya watengenezaji hutumia springi moja kwa matoleo mengi ili kupunguza idadi ya bidhaa, na gari linaweza kusimama juu au chini kuliko la kiwanda. Kabla ya kufungua za zamani, pima umbali kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa chini wa mkono wa bodi juu ya tairi, magurudumu yote manne, uandike. Baada ya kufunga, pima tena. Bila namba hizo utabaki kubishana na fundi kwa macho.

Kuhusu kujaza oili: hapana, mwanangu, na hapa sina mjadala. Najua inavyofanywa. Strati inatobolewa, oili inamiminwa, inachomelewa, na kwa wiki mbili gari linatulia. Lakini ndani ya shokapu oili inapita kwenye vali ndogo zilizopimwa, vipande vyembamba vya chuma vinavyopinda kwa kiwango maalumu. Kazi ya shokapu ni kugeuza mdundo kuwa joto, na vali ndizo zinazoamua kwa kasi gani. Baada ya kilomita 210,000 vali zimechoka, pistoni imelika, sili imekatika, na gesi ya naitrojeni iliyokuwa ikizuia oili isifanye povu imeshatoka. Oili mpya haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Itatoka kupitia sili ileile. Zaidi ya hapo, ziko shokapu za bomba moja zenye gesi ya bar 20 hadi 30 ndani yake. Kuitoboa au kuichomelea hiyo ni kuhatarisha uso na macho ya fundi. Ziko strati chache zilizotengenezwa kwa makusudi ili zifunguliwe na kukarabatiwa, na kwenye magari ya zamani zaidi utakuta strati yenye nati kubwa juu ya bomba, unachomoa kiini cha ndani na kuingiza kipya. Ya kwako imefungwa kabisa kiwandani, haina nati hiyo.

Za mtumba? Sizikatai moja kwa moja, ila zina nafasi finyu. Strati ya mtumba huwezi kuipima kwa mkono. Ukiibonyeza kwa nguvu zako zote unajaribu sehemu ndogo sana ya kazi inayofanya barabarani, na iliyokufa nusu itakuhadaa. Nitaikubali kama inatoka kwenye gari ninalolijua limetembea kidogo, rodi yake inang'aa bila alama ya kutu wala mkwaruzo, na kitako cha springi hakijaliwa. Gari lililotoka nchi wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kitazame kitako hicho kwa tochi na ukigonge kwa bisibisi. Kutu hujificha pale springi inapokaa, na kitako kikivunjika safarini ncha ya springi inachoma tairi. Vingine vya mtumba ni sawa kabisa: springi, nako, hata kibati ukikihitaji. Maunti na beringi za mtumba usinunue.

Jambo jingine ni bidhaa feki. Chapa zinazosifika ndizo zinazoghushiwa zaidi. Namba iliyo kwenye boksi lazima iwe imegongwa au kuandikwa kwenye mwili wa strati yenyewe, na iingie kwenye katalogi ya mtengenezaji ikakujibu kwamba ni ya gari lako na ni upande huo. Tazama mistari ya kuchomelea: ya kiwanda halisi imelala sawa, haina matone ya chuma yaliyorukia pembeni. Pitisha ukucha kwenye rodi, usisikie mkwaruzo wowote. Kama ni ya gesi, ibonyeze hadi chini uiachie, itapanda yenyewe polepole bila kukwama. Ile ya oili tupu haipandi yenyewe, na hilo si kosa, kwa hiyo ujue kwanza umenunua ipi.

Na shokapu iliyokaa stoo miaka mingi bado inaweza kuwa nzima, hasa ikiwa imehifadhiwa imesimama. Ikiwa imelala kwa muda mrefu, gesi huingia mahali pa oili, na ukiifunga hivyohivyo itagonga siku ya kwanza ukadhani ni mbovu. Isimamishe wima, ibonyeze polepole hadi mwisho na kuivuta hadi mwisho, mara nne au tano, mpaka usikie uzito ni ule mmoja toka juu hadi chini. Fanya hivi hata kwa iliyotoka kiwandani juzi.

Kabla sijaingia kwenye kufunga, neno kwa wasio na X-Trail. Escudo za zamani zina strati mbele, lakini springi haiko juu yake, imekaa peke yake kwenye wishiboni. Strati yenye kitako cha springi siyo yako. Subaru Forester nyingine zina strati za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likibeba mzigo. Hizo zinasaidia springi kubeba uzito, kwa hiyo springi zake ni laini kuliko kawaida, na ukiweka strati za kawaida bila kubadilisha springi gari linakalia matako. Na kama gari lako lina mfumo wa hewa au waya unaoingia juu ya shokapu, uliza kwanza taa ya dashibodi na kompyuta vitafanywaje kabla ya kulihamishia springi za kawaida.

Kwenye kufunga, simama karibu na fundi kwa mambo manne. Ile nati ya katikati juu ya strati isilegezwe kamwe kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake sawasawa pande zote mbili. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Rodi isishikwe kwa praya, alama moja ya meno ya praya inatosha kuua sili mpya. Ncha ya springi ifike kwenye kizuizi cha kitako, ione kwa macho yako pande zote mbili. Na bolti zinazopita kwenye bushi za wishiboni, kama zililegezwa, zikazwe mwisho gari likiwa limekalia matairi. Zikikazwa tairi likining'inia, mpira wa bushi unabaki umejipinda siku zote na hauchelewi kupasuka. Kabla ya kutoa strati ya zamani apige mstari wa rangi pale vibao vinapokutana na nako, ili alama imrudishe karibu. Baada ya hapo alaimenti ni lazima, hata kama gari linakwenda moja kwa moja bila kuvuta upande. Tairi la mbele likiwa limeshalika kwa mawimbi, ukipitisha kiganja unasikia mabonde, litaendelea kulia hata juu ya shokapu mpya. Usiilaumu shokapu kwa hilo.

Mkiwa hapo chini mshike na linki za stebilaiza na boljointi, yaani kile kiungo cha mpira wa chuma kinachounganisha nako na wishiboni ya chini. Kugonga unakokusikia kwenye matuta kunaweza kuwa kwake nusu na kwa shokapu nusu.

Swali lako la mwisho. Shokapu ikiwa na unyevu mwembamba tu juu ya bomba, hiyo ni kawaida, rodi hubeba oili kidogo sana kila inapopanda. Ya kwako umesema imevuja na pua inazama, kwa hiyo imekwisha. Unaweza kuliendesha taratibu kwa safari fupi za lazima, lakini acha nafasi kubwa kuliko kawaida kati yako na gari la mbele, kwa sababu tairi linaporuka halishiki barabara na breki inahitaji tairi lililoshika. Usilipakie mzigo, usilitoe mwendo mkubwa barabara kuu, na barabara ikiwa imelowa liache nyumbani. Siku utakapoona oili imefika kwenye diski ya breki, au springi imekatika, au tairi limeanza kuonesha nyuzi upande wa ndani, lisimamishe hapohapo lisubiri spea.

Nitumie namba ya chesi na picha ya ile jozi ya pili ikiwa imelala kando ya za zamani, vibao vya bolti vikionekana. Nitakuambia kama ni ya kurudisha au ni ya kufunga upya na beringi mpya.